Jiwe la Mzazi

Ukitaka kumpotezea doña Eufrasia Olvera asubuhi nzima, muulize habari za Maweni, mahali pao pa kufulia pa zamani. Kahawa itapoa, maharage yataungua jikoni, na wewe mwenyewe utajuta kuketi, maana bibi huyo akianza hana breki. Watu wa kijiji cha Sabinos walishamjua, wakawa wanamkwepa kwa heshima. Basi siku kijana mmoja wa kampuni alipombishia hodi, akavua kofia na kusema amekuja kusikiliza habari za mawe ya kufulia ya zamani, Eufrasia alimtazama kwanza aone kama ana homa. Halafu akamkaribisha ndani, akamtilia kahawa yenye mdalasini, akamketisha kwenye kiti cha marehemu mumewe.

Kijana alikuwa mhandisi, jina lake Iván Rentería, mtu wa Monterrey, mpole, viatu vimejaa vumbi la kwetu. Alikaa mpaka adhuhuri, na hakutazama simu yake hata mara moja. Hilo peke yake lilitosha kumshinda bibi wa watu.

Akamweleza yote. Jinsi chemchemi ilivyotoka mwambani chini ya miti ya misabino na kushuka kwenye mfereji. Jinsi mawe yalivyopangwa kando ya mfereji, moja chini ya jingine, kila moja limechongwa mistari ya kufikichia nguo, na kila moja lina mwenyewe aliyerithishwa na mamake. La Eufrasia lilikuwa la tatu kutoka juu. La Ninfa, rafiki yake tangu utotoni na komadre wake tangu alipomsimamia bintiye Eufrasia ubatizoni, lilikuwa la nne. Maana yake ni kwamba miaka yote ya ujana wao Ninfa alifulia mapovu ya Eufrasia, na hakukosa kumkumbusha.

"Leo umefua nini wewe, soksi za maiti?" Ninfa alikuwa akipaza sauti kutoka pale chini. "Maji yananifikia yana rangi ya dengu!"

"Hiyo ni rangi yako mwenyewe inarudi!" Eufrasia alikuwa akimjibu, na kicheko kikishuka pamoja na maji mpaka jiwe la mwisho.

Jiwe la kwanza kabisa, pale maji yanapotoka mwambani, halikuwa na mwenyewe. Liliitwa jiwe la mzazi. Mwanamke akijifungua, nguo za kitoto chake zilifuliwa pale, kwenye maji ambayo hayajagusa uchafu wa mtu yeyote, mpaka arobaini yake iishe. Mzazi mwenyewe hakugusa maji ya baridi. Komadre wake alimfulia. Na madhali kijijini kulikuwa na kitoto kichanga, hakuna aliyethubutu kuweka hata leso juu yake. Mke wa mwalimu mmoja, mtu wa mjini, aliwahi kuyaloweka mashuka yake pale. Wanawake hawakumwambia neno. Waliyabeba yakiwa yanachuruzika, wakamwekea kwenye jiwe la mwisho, lile la kufulia matandiko ya farasi, kisha kila mmoja akarudi kwenye nguo zake.

"Inapendeza sana hiyo," alisema mhandisi.

"Inapendeza nini, mwanangu? Ilikuwa ndiyo kawaida." Lakini alifurahi mno, akamwongezea kahawa. "Unajua ninachokikosa zaidi? Si maji. Maji yanakuja bombani, Jumanne na Ijumaa, Mungu na manispaa wakikubaliana. Ni ule mlio. Ulikuwa unalala nao, unaamka nao. Ulipokatika, wiki nzima nilidhani nimekuwa kiziwi."

Chemchemi ilikuwa imekauka mwaka aliomwoza Lucina, binti yake, aliyekwenda kuishi Texas. Kwanza vilichimbwa visima vya mashamba ya kuku, halafu vya karoti za kuuzwa ng'ambo, na maji ya Maweni yakawa uzi, uzi ukawa unyevu, unyevu ukawa ukoga mkavu. Eufrasia aliendelea kwenda kila mwaka Siku ya Msalaba Mtakatifu, kufagia mawe na kutundika msalaba wa maua ya karatasi kwenye mwamba usiotoa kitu. Vijana walimwona amepungukiwa akili, na hakuwajali.

Sasa kampuni ya kijana huyo ilitaka kujenga kituo cha data, jumba la kompyuta zinazopozwa kwa maji, kwenye ardhi ya pamoja, pale mlimani juu ya kijiji. Jambo hilo lilikuwa limekigawa Sabinos katikati. Kwenye kiwanda cha tortilla, zile chapati za mahindi, foleni ya asubuhi ilikuwa bunge. Mmoja akisema ajira, mwingine anasema maji. Mmoja akisema barabara ya lami na zahanati, mwingine anauliza zile zahanati walizoahidiwa uchaguzi uliopita zimekwenda wapi, au zimejengwa chini ya ardhi. Ndugu walikuwa hawasalimiani. Ukutani mwa shule mtu aliandika MAJI KWANZA, na mtu mwingine akaandika chini yake, KWANZA KULA.

Waliokuwa na sauti ya mwisho ni wenye hisa katika ardhi ya pamoja, kwa kuinua mkono barazani. Eufrasia alikuwa mmoja wao, kwa kumrithi mumewe. Ninfa hakuwa nayo, kwa sababu mume wake, Chon, aliiuza hisa yao zamani akanunua lori, na lori likafa kabla ya Chon mwenyewe. Na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Yareli, mjukuu aliyelelewa na Ninfa, alikuwa mjamzito wa mwezi wa nane. Mume wake, Adán, alikuwa akifunga karoti kwenye masanduku kwa ujira wa siku, na kampuni ilimwahidi kazi ya ulinzi getini, ya mkataba, yenye bima na matibabu. Kazi hiyo ingepatikana tu kama kituo kingejengwa, na mkono pekee ambao Ninfa angeweza kuutegemea ulikuwa wa komadre wake.

"Utauinua?" alimuuliza.

"Nitauinua."

Hakuahidi kwa ajili ya Adán tu, tusimpambe. Wiki moja baada ya ile kahawa, mhandisi alirudi na habari kwamba kampuni, kama zawadi kwa kijiji, itayatengeneza Maweni upya. Mawe yatasafishwa, mfereji utazibwa nyufa, na maji yatatiririka tena. Yatakuwa tayari kwa Siku ya Msalaba, na baraza la kura litakaa Jumapili itakayofuata. Eufrasia alimshika kijana mikono yote miwili.

Yareli alijifungua mtoto wa kike siku chache kabla ya sikukuu, wakamwita Renata. Asubuhi ya Msalaba kijiji chote kilishuka Maweni, waliokubali na waliokataa, kwa sababu palikuwa na bendi na vimkate vya gordita vya bure, na katika hayo Sabinos haina vyama. Eufrasia alivaa gauni alilovaa siku ya kumzika mumewe, ambalo ndilo zuri alilo nalo, na leso mpya kichwani. Ninfa alimshika mkono kwenye mteremko.

"Tembea polepole, komadre. Mawe hayakimbii."

"Nimeyangoja miaka ishirini na kitu. Wewe ndiye utembee haraka."

Padre akabariki. Mtu akabonyeza kitufe kisichoonekana. Mwamba ukakohoa mara moja, mara mbili, na maji yakatoka.

Eufrasia alilia, wala hakujificha. Mlio ulikuwa ule ule, kwanza mwembamba pale juu, unaongezeka unaposhuka kutoka jiwe hadi jiwe, halafu ule mngurumo wa chini penye jiwe la matandiko. Aliwasikia wote, mama yake akikung'uta fulana, Lucina akiwa mdogo akipiga maji kwa viganja, wanawake ambao sasa wamelala makaburini wakisengenya walio hai. Alipiga magoti kwenye jiwe lake la tatu, magoti yakapata mashimo yao ya zamani. Kama kura ingepigwa dakika ile, angeinua mikono miwili.

Kisha akakumbuka adabu. Kulikuwa na kitoto kichanga kijijini. Aliinuka, akaenda alipokaa Yareli kivulini na mtoto wake, akachukua kifulana kilichotapikiwa maziwa, akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche alichokuja nacho makusudi, akapanda mpaka jiwe la mzazi. Wanawake wa rika lake walielewa wakampisha. Wengine walianza kujifuta machozi.

Mhandisi alikuja mbio.

"Doña Eufrasia, samahani sana. Sabuni hapana."

"Kwa nini? Si mawe ya kufulia haya?"

"Ndiyo, ila maji haya yanazunguka. Yakifika kule chini yanaingia kwenye tangi, pampu inayarudisha juu. Hatupotezi hata tone. Sabuni itaiharibu pampu."

"Ya kule chini yanarudi huku juu?"

"Yale yale."

"Kwenye jiwe la mzazi?"

"Kote, doña. Ni ya kutazama tu. Na kusikiliza." Akatabasamu kwa upole wa kweli. "Wewe mwenyewe uliniambia unachokikosa zaidi ni mlio wake. Nilikwenda kuwaambia wakubwa maneno yako hayo hayo."

Ni kweli alimwambia. Alibaki amesimama na kile kifulana mkononi, aibu inampanda shingoni, na aibu yenyewe haikuwa ya kijana, ilikuwa yake. Kijana alimpa alichokiomba.

"Na kituo chenu," alisema baadaye, "maji yake mtayatoa wapi?"

Iván Rentería hakuficha. Hakuwa mtu wa kuficha. "Kisima kipya, kule juu penye ardhi ya pamoja. Nasi tutayazungusha hivi hivi, ila mengine huondoka na joto la mitambo, kwa hiyo tutakuwa tunaongeza."

"Juu ya kisima chetu kinacholisha bomba."

"Juu yake, ndiyo. Lakini vipimo vinaonyesha yatawatosha wote."

Eufrasia alilitazama jiwe la kwanza, kisha mlima, kisha jiwe tena.

"Ninyi mna mtoto mchanga?"

Mhandisi aliona haya, akacheka. "Bado, doña. Hata mchumba sina."

Waliosikia walicheka pamoja naye, na mmoja akamtajia mpwa wake asiyeolewa. Ninfa hakucheka. Alikuwa amesimama chini kidogo, karibu na jiwe lake la nne, na alimjua komadre wake kuliko anavyojijua mwenyewe.

Kesho yake alikuja jikoni kwa Eufrasia bila hodi. Eufrasia alikuwa anageuza tortilla kwenye bapa la chuma.

"Unataka kunigeuka," alisema Ninfa.

"Kaa kwanza ule."

"Sili. Niambie ukinitazama machoni."

"Ninfa, umewasikia. Wanataka kukaa jiwe la juu."

"Jiwe! Jiwe!" Ninfa alipiga meza, chumvi ikaruka. "Umri wote huu bado unaishi kwenye mawe, Eufrasia. Hapana chemchemi. Imekufa! Hakuna juu, hakuna chini, kuna Adán anarudi nyumbani mgongo umepinda kwa karoti, na mtoto akiugua hatuna daktari. Unamsikia Renata akilia? Halii kwa lugha ya mawe yule. Analia maziwa."

"Namsikia."

"Januari ile ulipomzaa Lucina, baridi ya kukata masikio, nani alikufulia pale juu? Damu yako nani aliifua? Arobaini nzima. Mikono ilipasuka mpaka nikashindwa kukanda unga, mama yangu akawa ananilisha." Sauti ilimkatika, akaikaza tena. "Nimewahi kukukumbusha? Siku moja tu?"

"Hujawahi."

"Leo nakukumbusha. Ninachokuomba ni mkono mmoja, tena wa kuinua tu."

Tortilla iliungua. Eufrasia aliitoa kwa vidole, akaiweka pembeni. Alitaka kumwambia kwamba ni mikono ile ile, iliyopasuka ili mzazi apate maji ya jiwe la juu, ndiyo inayomzuia. Lakini jambo la namna hiyo halimtoki mtu wakati anapigiwa meza, na Ninfa akatoka.

Jumapili ukumbi ulifurika. Wenye hisa walikaa kwenye viti vya plastiki, na wasio nazo walisimama wakiegemea kuta. Mwenyekiti, don Eleuterio, aligonga meza kwa kiatu kwa sababu nyundo ilishaibwa zamani.

"Mwaka mzima bomba halitutoshi, tunaongezea maji ya lori," alianza Wulfrano, mfugaji wa mbuzi, "halafu tukawapozee kompyuta zao! Kompyuta ina kiu kuliko mbuzi wangu?"

"Wewe Wulfrano nyamaza," alidakia mama wa duka la rejareja. "Simu huiachi hata chooni. Hizo video zako za majogoo unadhani zinakaa wapi, mbinguni?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Wulfrano naye alicheka, akakaa. Wakasema wengine. Kijana mmoja alisema amechoka kuzika kijiji kwa mafungu, kila mwaka fungu moja linakwenda kaskazini. Mwanamke mmoja alisema mgeni akija na bendi na gordita, ujue bili iko jikoni inaandikwa. Kila mmoja alipigiwa makofi, mara nyingine na watu wale wale, na hapo ndipo unapojua watu wanapata shida kweli.

Eufrasia alisimama. Minong'ono ya "Maweni hayo yanakuja" ikapita, mtu akajikunja kitini tayari kusinzia.

"Sitawachosha," alisema. "Binti yangu ananitumia sauti yake kwenye simu kila usiku. Mhandisi ameniambia sauti hiyo inakaa kwenye nyumba kama hizo wanazotaka kujenga. Basi siwezi kuzitukana. Waje. Ila waje kama alivyokuja kila mtu Maweni. Mgeni alianzia jiwe la chini. Maji tuliyokwisha kutumia sisi, ya vyombo, ya kuoga, ya vyoo, yanapita bondeni bure yananuka. Wachukue hayo, wayasafishe, wapozee mashine zao. Jiwe la juu wamwachie Renata wa Yareli. Wakikubali hivyo, mkono wangu huu hapa."

Don Eleuterio alimgeukia mhandisi. "Inawezekana?"

"Kufanyika, inawezekana," alisema Iván taratibu. "Kuna mahali wanafanya. Niruhusuni nipige simu."

Alitoka nje. Kupitia dirishani walimwona akitembea huku na huku juani, anaeleza, ananyamaza, anaeleza tena kwa mkono. Ninfa, aliyesimama ukutani karibu na mlango, alikuwa ameshikilia rozari mfukoni, na Eufrasia alimwona, naye akawa anaomba hicho hicho. Katika maisha yake yote hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kijana yule arudi anatabasamu.

Alirudi ameikunja kofia yake. "Wamesema ni kisima, au watakwenda kwingine. Kuna vijiji vinawangoja." Akameza mate. "Nasikitika."

"Wanaokubali," alisema don Eleuterio.

Mikono ikapanda, mingi. Ninfa hakuitazama. Alimtazama mtu mmoja. Eufrasia alikuwa amevikalia viganja vyake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki, na macho ya komadre wake yalimchoma hadi mfupani.

"Wanaokataa."

Akauvuta mkono wa kulia kutoka chini ya paja, akauinua. Ulikuwa mzito kuliko ndoo yoyote aliyowahi kuibeba kutoka Maweni.

Walikataa kwa tofauti ya mikono michache, na kila mtu alijua wa nani ulikuwemo. Wulfrano alirusha kofia. Waliokuwa na furaha walijaribu kumkumbatia Eufrasia, akawapita. Mlangoni alikutana na Ninfa uso kwa uso.

"Hongera, doña Eufrasia," alisema Ninfa.

Tangu ubatizo wa Lucina alimwita komadre tu, hakuwahi kumwita kwa heshima hiyo ya watu baki. Eufrasia alishika mwimo wa mlango mpaka watu wakamalizika kutoka.

Kampuni haikugombana na mtu. Wafanyakazi walikuja na gari, wakang'oa pampu na tangi lao, wakaacha mawe yamesafishwa na mfereji umezibwa nyufa, maana hivyo havibebeki. Mlio ukakatika kwa mara ya pili. Mhandisi alipita kuaga. Wakanywa kahawa, naye akaosha kikombe chake mwenyewe. Adán alipata kazi kiwandani San Luis, akawa anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili, na Yareli akawa analala kitanda kimoja na mtoto na bibi yake. Kwenye foleni ya lori la maji Ninfa alisimama nyuma ya watu wanne au watano ili asisimame nyuma ya Eufrasia. Watu wengine walimsifu Eufrasia hadharani kwa busara yake, na sifa hizo zilimkera, kwa sababu usiku sauti ya Lucina ikimaliza kusema kwenye simu, nyumba ilikuwa kimya, na mtu ambaye angemwambia habari hiyo alikuwa hamsemeshi.

Hata hivyo alikuwa akihesabu. Wanawake wa Maweni hawakuacha kuhesabu arobaini ya mtu. Siku ya mwisho ya Renata ilianguka Ijumaa, siku ya maji.

Asubuhi hiyo alifungua bomba, akajaza ndoo zote alizonazo, na sufuria la kupikia tamale, na beseni la kuogea. Yalikuwa maji yake ya mpaka Jumanne. Akayapanga kwenye toroli, akaacha nyumbani kikombe kimoja tu cha maji ya kahawa, akasukuma mpaka mlangoni kwa Ninfa.

"Nani?"

"Mimi. Nimekuja kuchukua nguo za mzazi."

Hatua zilisogea hadi nyuma ya mlango.

"Mzazi ana mashine ya kufulia," Ninfa alisema bila kufungua.

"Najua."

"Na mtoto anavaa nepi za dukani. Ukimaliza unatupa."

"Hilo nalo najua."

"Bibi, mpe tu," ilisikika sauti ya Yareli, na mtoto akaanza kulia. Mlango ukafunguka kiasi cha beseni kupita. Ndani mlikuwa na vifulana viwili, kofia ya sufu, na shali ya mtoto ya pamba nyeupe aliyoikumbuka mara moja, kwa sababu Lucina ndiye aliyeviringishwa nayo kwanza. Mlango ukafungwa.

Alishuka na toroli polepole, akisimama kupumua, maji yakimrukia miguuni na yeye akiyasikitikia kila tone. Pale juu, kwenye jiwe la mzazi, alipiga magoti. Hakuwa amewahi kupiga magoti mahali pale. Kwa wengine hakuombwa, hata Ninfa alipozaa alifuliwa na mwingine, na alipozaa yeye alifuliwa. Akalowesha, akapaka sabuni, akafikicha, na maji yalikuwa ya baridi hata kwa mwezi wa Juni. Akaifikiria mikono ya msichana mmoja Januari ile, akafikicha kwa nguvu zaidi, akasema kwa sauti, peke yake, "Nisamehe, Ninfa." Kisha akainua ndoo ya kwanza ya kusuuza na kuimwaga mwambani, pale pale maji yalipokuwa yakitokea.

Maji yaliruka jiwe la kwanza, yakashika mfereji, yakaenda. Mlio ulikuwa mdogo, wa ndoo moja tu, lakini ulikuwa wenyewe. Alifumba macho kuusikiliza ukipita la pili, ukipita la tatu, lake, na hapo ukafifia, kwa sababu mawe makavu yalikuwa yanakunywa.

Akasikia mtu anapiga magoti huko chini, na mifupa ya mtu huyo ikilia. Hakufumbua macho, aliogopa.

"Mwaga tena, komadre," ilisema sauti kutoka jiwe la nne. "Huku hayajafika."